Kofia ya Jua: Nani Alifunikwa, Nani Aliachwa Wazi?

Wengi wetu hapa tunaandika juu ya vita, uchaguzi na kazi zinazokosekana. Leo naomba nafasi niandike juu ya kofia. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa historia, nitaanza na kosa langu mwenyewe kabla ya kutaja makosa ya waliokufa zamani.

Nilikuwa kwenye staji ya kufundisha, katika shule moja ya hapa Uvira. Asubuhi hiyo zamu ya bendera ilikuwa yangu. Watoto walikuwa wamejipanga, mashati meupe, chini bluu. Katika mstari wa pili alisimama kijana mmoja mwenye ualbino, amevaa kofia ya kitambaa yenye ukingo mpana. Kanuni ilijulikana: mbele ya bendera kichwa kinabaki wazi. Nikamwambia aitoe, akaitoa. Wimbo ulipoisha akairudisha kichwani mara moja, nami nikaona ni kiburi. Nikaichukua, nikaiweka mezani kwangu. Sasa, siku hiyo ilikuwa ya salongo. Kuanzia saa nne watoto walitoka kukata majani nyuma ya madarasa. Yule kijana naye alikata pamoja na wenzake, kichwa wazi, shingo wazi, mpaka saa sita.

Kesho yake mama yake alikuja. Ni mama wa soko, anauza ndagala. Hakupiga kelele. Alimgeuza mtoto ili nione shingo na masikio: ngozi ilikuwa nyekundu, imejaa malengelenge. Kisha akaniambia:

“Mwalimu, sikukuja kugombana. Ile kofia haiko ya urembo, iko dawa. Alipokuwa mudogo nilikuwa namufunika na kikwembe kule mashamba, watu wananicheka. Sasa amekuwa mukubwa, siwezi tena kumubeba. Kofia tu ndiyo imebaki.”

Niliomba msamaha, nikarudisha kofia. Lakini jambo moja lilinikaa rohoni. Ile kanuni ya kichwa wazi niliijua kwa moyo, ila sikuwahi kujiuliza imetoka wapi, wala ni nani katika historia yetu aliyeruhusiwa kufunika kichwa chake na nani alikatazwa. Nimesoma miaka mingi, na swali hilo nililetewa na mama wa ndagala.

JUA LETU NA ELIMU YA BA MAMA

Tuanze na jua lenyewe. Uvira iko kama nyuzi tatu na nusu kusini mwa ikweta. Maana yake jua linapita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka: kabla kidogo ya katikati ya Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba. Hata miezi mingine haliendi mbali. Asubuhi linachomoza ng'ambo, juu ya milima ya Burundi, likipiga moja kwa moja juu ya maji mpaka machoni petu. Jioni linajificha mapema nyuma ya milima ya Mitumba, na mji mzima unapata kivuli wakati Bujumbura bado inawaka. Mtoto wa Uvira anajua hili bila kufundishwa jiografia.

Ba mama wetu walijenga elimu yao juu ya jua hilo. Anayelima Ruzizi anatoka alfajiri na anataka kuwa amerudi mbele ya saa sita. Mtoto wa mgongoni anafunikwa kichwa kwa upande wa kikwembe, au kwa kikwembe cha pili chepesi. Wakati wa kulima, anawekwa chini ya muembe na dada yake mkubwa anamwangalia, na kila kivuli kinaposogea, mkeka nao unasogezwa. Anayempeleka mtoto mchanga kupimwa uzito anafungua mwavuli hata kama hakuna wingu. Muembe wenyewe una historia: ni waungwana, wafanyabiashara wa pwani, waliousambaza mti huu kwenye njia za misafara mpaka Ujiji na mwambao wa ziwa hili. Biashara yao ya pembe na watumwa ilituachia majeraha mengi. Pia ilituachia kivuli. Historia haichagui.

Elimu hiyo ina kanuni tatu: saa, kivuli, kitambaa. Ukisoma leo mashauri ya Shirika la Afya Duniani juu ya mionzi ya jua, utakuta mambo yaleyale: epuka saa za katikati ya mchana, tafuta kivuli, vaa nguo na kofia, halafu ndipo krimu. Kikwembe kilifika kabla ya kitabu.

Lakini tusiwasifu wazee mpaka tukadanganya. Kikwembe kina mipaka. Kinafunika mgongo na kichwa, kinaacha miguu na mikono ikining'inia nje. Kikiwa kizito na kikifunika uso mzima, kinamnyima mtoto hewa na kumzidishia joto. Tena ni kinga ya mtoto anayebebwa. Siku anapoanza kutembea, kinga inabaki mgongoni mwa mama.

KOFIA YA MZUNGU

Sasa tuje kwenye kofia nyingine, ile ngumu nyeupe, kaske, ambayo wote tumeiona katika picha za zamani.

Wazungu wa kwanza kuandika juu ya mwambao huu walikuwa Burton na Speke, waliofika Uvira kwa mtumbwi mwezi wa Aprili 1858. Kisha Livingstone na Stanley walipita pande hizi Novemba 1871 na kuona kwamba mto Ruzizi unaingia ziwani, hautoki. Stanley ameeleza Livingstone alivyovaa walipokutana Ujiji: kofia ndogo ya kitambaa cha buluu, yenye mstari wa dhahabu uliofifia. Livingstone alikuwa amefika Afrika mwaka 1841. Alitembea chini ya jua letu kwa kofia kama hiyo, ambayo haifuniki hata masikio. Alipokufa mwaka 1873, kilichomwua kilikuwa magonjwa ya mwili, homa na tumbo. Jua halikumpasua kichwa.

Hata hivyo, kizazi kilichomfuata kiliamini kwamba jua la Afrika linapenya fuvu la mzungu na kuharibu ubongo wake. Mwaka 1905 daktari wa jeshi la Marekani, Charles Woodruff, alitoa kitabu kizima kuhusu madhara ya mwanga wa nchi za joto kwa watu weupe. Kwa maoni yake, mwanga wenyewe ulikuwa sumu kwao. Watu walivaa kaske ya mti mwepesi uliotoka India, unaoitwa sola (jina la mmea, wala halihusiani na jua). Wengine walishona kitambaa kinene cha kufunika uti wa mgongo. Kule Ufilipino jeshi la Marekani liliwavisha askari nguo za ndani za rangi ya chungwa na nyekundu, eti rangi hiyo itazuia mionzi. Ripoti ilitoka mwaka 1910: nguo hizo hazikusaidia kitu. Kule Kenya walikuwepo masetla waliovaa kofia hata ndani ya nyumba, kama paa lilikuwa la bati, wakidhani mionzi inapita kwenye chuma.

Watoto wao ndio waliobanwa zaidi. Mtoto wa mzungu katika koloni hakuruhusiwa kukanyaga uani bila kofia. Mchana alifungiwa ndani alale. Kongo ya Wabeljiji haikuwa tofauti. Kaske ikawa alama ya mzungu kiasi kwamba Hergé, aliyechora safari ya Tintin huku kwetu mwaka 1930 na 1931 bila kuwahi kukanyaga Kongo, alijua jambo moja bila kuuliza: kijana wake lazima avae kaske.

Na Mwafrika je? Angalia picha za askari wa Force Publique, wale waliopigana pande hizi za ziwa mwaka 1916 mpaka wakaingia Kigoma na Tabora. Ofisa amevaa kaske. Askari amevaa tarabushi nyekundu isiyo na ukingo hata kidogo. Ni jua moja, barabara moja. Mpagazi aliyebeba sanduku kichwani hakupewa hata hiyo. Maelezo yalikuwa tayari: Mwafrika fuvu lake ni nene, amezoea. Angalia pia picha za shule za misheni: padri ana kaske, watoto wamenyolewa, vichwa wazi, wanakunja uso kwa sababu ya mwanga.

Wazee wetu wanasimulia kwamba hata aliyejinunulia kofia yake, akikutana na mzungu wa serikali, kofia inashuka. Hapo ndipo nilianza kuelewa ile kanuni ya bendera. Kumvua mtu kofia ni desturi ya heshima iliyotoka Ulaya, kanisani na jeshini. Ilipofika huku ilichanganyika na amri. Bendera zimebadilika mara nyingi tangu hapo. Amri ya kichwa wazi haikubadilika. Nami niliitekeleza bila hata kulipwa, maana staji hailipwi.

Mwisho wa kaske ni wa kuchekesha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, maelfu ya askari weupe walikaa na kufanya kazi kwenye jua kali bila kaske, na ubongo wao haukuyeyuka. Baada ya vita kofia ile ikaanza kuachwa, kimya kimya, bila mtu kuomba radhi kwa vitabu vyote vilivyoandikwa. Ukweli ukajulikana. Mtu anayezimia kwenye jua anazidiwa na joto na kupoteza maji na chumvi. Kinachoharibu ngozi ni mionzi isiyoonekana, ile Ritter aliyoigundua mwaka 1801, na ngozi nyeusi ina rangi inayoipunguza sana, japo haiizuii yote.

MTOTO ALIYESAHAULIWA

Sasa shika jambo hili vizuri, maana ndilo lililonifanya niandike.

Wakati wote huo ambapo madaktari walihangaika na fuvu la mzungu, huku kwetu walikuwepo watoto ambao jua liliwaua kweli. Ni watoto wenye ualbino, wale ambao wengi huku na ng'ambo ya Burundi wanawaita nyamweru. Mwili wao hautengenezi rangi ya kutosha kwenye ngozi, nywele na macho. Wanazaliwa na wazazi weusi kama wewe na mimi, kwa sababu baba na mama wote wawili wamebeba urithi huo bila kuonekana. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400. Ulaya na Marekani Kaskazini ni mmoja katika 17,000 mpaka 20,000. Kwa hiyo ni jambo la kwetu kabisa.

Mwaka 1985 Jeff Luande na wenzake wa Dar es Salaam walichapisha utafiti juu ya watu 350 wenye ualbino nchini Tanzania. Waliona madhara ya jua yakianza tangu mwaka wa kwanza wa maisha. Tafakari hilo: mwaka wa kwanza, wakati mtoto bado yuko mgongoni. Ile miguu na mikono inayoning'inia nje ya kikwembe. Wengi saratani ya ngozi iliwakuta wakingali vijana, umri wetu sisi tunaosoma hapa. Na saratani hiyo ingezuilika kwa kofia, mikono mirefu na kivuli.

Kisha ikaja hofu nyingine. Katikati ya miaka ya 2000 watu wenye ualbino walianza kuuawa Tanzania kwa ajili ya ushirikina na biashara ya viungo. Mwaka 2008 mauaji yakavuka mpaka hadi Burundi, upande wa Ruyigi, ambako mwendesha mashtaka Nicodème Gahimbare aliwakusanya waliotishwa na kuwahifadhi nyumbani kwake. Tanzania iliwaweka watoto katika vituo vya bweni, kama Buhangija kule Shinyanga na Kabanga kule Kasulu, mkoa wa Kigoma, ziwa letu hilihili. Ukuta uliwakinga na panga. Lakini waliovitembelea vituo hivyo waliandika juu ya msongamano na ngozi zilizoungua: watoto wengi, kivuli kidogo, kofia na mafuta havitoshi.

Wazazi wengine, huko na huku, walichagua kumfungia mtoto ndani. Siwalaumu. Ila nataka tutofautishe maneno mawili ambayo yanafanana: kufunika na kuficha. Ukimfunika mtoto, unampa njia ya kutoka: aende shule, sokoni, kanisani, msikitini, akarudi mzima. Ukimficha, jua halimfikii, lakini na ulimwengu haumfikii. Yule mama wa ndagala alikuwa amechagua kufunika. Alimtuma mtoto wake shuleni, mbele ya macho ya watu wote, kwa kuamini kofia moja ya kitambaa. Mimi nikaichukua. Kwa hiyo nilikuwa ninamwambia, bila kujua: basi mufiche.

NINI KIMEBADILIKA

Mambo yamesogea. Tarehe 18 Desemba 2014 Umoja wa Mataifa ulitangaza 13 Juni kuwa siku ya kimataifa ya uelewa juu ya ualbino. Mwaka 2015 Ikponwosa Ero, Mnigeria ambaye mwenyewe ana ualbino, akawa mtaalamu wa kwanza wa Umoja huo kuhusu haki za watu wenye ualbino. Na kule Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi karibu na hospitali ya KCMC, mfamasia Mhispania Mafalda Soto alianzisha pamoja na Watanzania utengenezaji wa krimu ya jua iitwayo Kilisun, iliyobuniwa kwa ajili ya ngozi hiyo na kugawiwa watoto pamoja na mafunzo ya kuitumia. Krimu ya kiwanda cha Ulaya dukani kwetu ni bei ya mkono wa mfalme. Hii ya Moshi inaonyesha kwamba inaweza kutengenezwa Afrika.

Lakini krimu inaisha. Kofia inabaki. Kwa hiyo naomba tushike machache, hasa ninyi mnaoenda kufundisha na ninyi mnaoanza kuwa wazazi.

Kofia nzuri ni ile yenye ukingo kuzunguka pande zote. Kofia ya kapelo inaacha masikio na shingo, na hapo ndipo vidonda vinapenda kuanzia. Saa mbaya ni kati ya saa nne na saa tisa. Salongo na michezo vinaweza kuwa saa moja asubuhi. Msidanganywe na baridi: mionzi inaongezeka kama asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo mtoto wa Hauts Plateaux anayetetemeka kwa baridi anapigwa na jua kuliko wa Uvira anayetoka jasho. Msidanganywe na wingu jepesi, wala na ufuo: mchanga mkavu unarudisha sehemu ya mionzi kutoka chini. Mtoto mchanga, wa rangi yoyote, kinga yake ni kivuli, nguo nyepesi na kunyonya mara nyingi. Usimzibe uso. Mwenye ualbino akae mbele darasani, mbali na dirisha lenye mwanga, na aruhusiwe kusogea ubaoni, maana macho yake nayo yanaumia. Kidonda kisichopona kiende kwa daktari, kisingoje.

Namalizia na ile shule. Nilipeleka jambo kwenye kikao cha walimu. Mkuu alisikiliza, akasema: “Sawa, huyo mtoto abaki na kofia yake.” Wote tukakubali, tukapita kwenye ajenda nyingine. Staji yangu ikaisha wiki tatu baadaye. Ruhusa ile haikuandikwa mahali popote, na ruhusa ya mdomo inaondoka na aliyeitoa. Mkuu akihamishwa, mwalimu mwingine wa zamu, kijana kama mimi, mwenye diploma kama yangu, atamwona mtoto amevaa kofia mbele ya bendera.

Ndiyo maana naomba kila mmoja wetu aliye na kiti shuleni, hata kiti kidogo, alete karatasi na kalamu kwenye kikao kijacho. Sentensi moja katika kanuni za shule inatosha: mtoto mwenye ualbino anavaa kofia wakati wote, hata mbele ya bendera. Waliotutawala walijifunika miaka sitini kwa hofu ambayo haikuwa ya kweli. Sisi tunashindwa sentensi moja kwa hatari ambayo ni ya kweli?

Shule yako inasema nini? Tuandikie hapa chini, na kama una karatasi hiyo tayari, ituwekee picha yake ili wengine wainakili.